Mwanangu anataka kuweka injini kubwa kwenye Hilux yetu ya zamani, baba yake anataka tuiuze

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Nafanya biashara ya mazao. Napanda Kalinzi na Manyovu kununua maharage na ndizi, nashusha soko la Mwanga. Na huko juu siendi mikono mitupu, wenye maduka wananiagiza saruji, sabuni, chumvi ya Uvinza na dagaa, kwa hiyo gari linalipwa kwenda na kurudi. Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ile ya viti vya mbele tu, injini yake 2L ya dizeli. Tuliinunua ikiwa imeshachakaa, lakini ndiyo iliyonisomeshea watoto na ndiyo iliyonijengea nyumba ninayolala.

Tatizo ni mlima. Zamani ilikuwa inapanda bila kelele. Siku hizi tukishavuka Bitale na mzigo, dereva anashusha gia ya pili na hatoki tena hapo. Bodaboda zinatupita zimebeba abiria na gunia la mkaa. Moshi mweusi unatoka nyuma mpaka akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara wananitania, wanauliza leo nimekuja kupika nini. Tukiwa na haraka linachemsha, tunasimama tunasubiri lipoe. Oili nayo inapungua, kila wiki tunaongeza. Na mzigo wenyewe si wa kutisha, mifuko thelathini tu ya saruji na vikorokoro vya juu yake.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 23. Alisoma ufundi wa magari VETA na sasa yuko gereji moja mjini, chini ya fundi ambaye watu wanamwamini. Ni mtoto mtulivu, hanywi, hana makundi. Gari likinisumbua ni yeye anayelala chini yake siku ya Jumapili mpaka lipone. Sasa yeye na huyo fundi wake wananiambia 2L itolewe, iwekwe 1KZ ya turbo, ile yenye feni ya kusukumia injini hewa, cc 2982. Wamepata moja Dar es Salaam, pale Gerezani, imetoka Japani na wanasema haijawahi kufunguliwa. Bajeti waliyoniletea ni milioni saba na laki mbili: injini, gia boksi yake, usafiri mpaka Kigoma na ufundi. Fundi anataka arubuni ya milioni tatu kabla mwezi haujaisha, asije mtu mwingine akaichukua.

Baba yao yuko kazini Tabora, anakuja akipata ruhusa. Yeye kasema kwenye simu kwa kifupi, hilo gari liuzwe lilivyo, tuongezee, tununue Canter ya mtumba. Dereva wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na yeye yuko upande wa kijana. Anasema tukipata injini kubwa tutapiga safari mbili kwa siku moja.

Pesa ninayo. Ni mgawo wangu wa kikoba na faida ya msimu wa maharage, si mkopo. Lakini ni hiyo hiyo, na binti yangu anayefuata anatarajia kwenda chuo mwaka huu.

Shangazi, kinachoninyima usingizi si injini peke yake. Kijana ameshawatangazia wenzake wa gereji. Nilipomwambia aniachie nifikirie, alikaa kimya, halafu akaja kuniambia: "Mama, angekuwa fundi wa kutoka Dar ungeshamlipa. Kwa kuwa ni mimi ndiyo unafikiria." Neno hilo limenichoma. Nikikataa, nitakuwa nimemwambia mwanangu kwamba ujuzi wake si kitu. Nikikubali na gari likanifia mkononi, biashara imekwenda, na baba yake atasema alinionya. Na mimi gari silijui, najua kuweka mafuta na kununua tairi.

Niweke hiyo injini au nisiweke? Na kama si kuweka, namwambiaje mtoto?

Mama mwenye Hilux, Mwandiga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mama, na pole na mlima.

Nimeishi na dereva wa lori miaka mingi, nyumbani kwangu habari za difu na klachi zilikuwa zinaliwa pamoja na ugali. Kwa hiyo usishangae nikianza na gari, kijana nitamfikia.

Umeniletea maswali mawili ndani ya gunia moja. Kuna swali la pikapu, kama inahitaji injini kubwa. Na kuna swali la mwanao, kama kuikataa injini yake ni kumkataa yeye. Wewe umeyafunga kwa kamba moja, unaona ukijibu hili umeshajibu na lile. Mimi naomba tuyafungue, maana kila moja lina uzito wake.

Nianze na neno uliloliandika kwa haraka: "mifuko thelathini tu". Mfuko wa saruji ni kilo 50. Thelathini ni kilo 1,500, na hapo sijahesabu chumvi, sabuni, dagaa wala utingo aliyekaa juu. Pikapu kama hiyo yako ilitengenezwa kubeba kama tani moja. Ukirudi unashuka na maharage, na kama nawajua wauzaji wa shambani, lile si gunia la kilo mia, ni lumbesa imeshonewa kilemba juu. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila mwaka na kila mwaka bado ipo. Sikulaumu, mama. Barabara hiyo nzima inabeba hivyo, na bei ya mzigo ndiyo inayowasukuma. Ninachotaka ukione ni kwamba injini mpya itaingia kwenye chasisi ile ile, springi zile zile, beringi za magurudumu zile zile na breki zile zile za gari la tani moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari lina nguvu kiasi gani, jiulize unataka libebe nini. Tani moja? Moja na nusu? Au ukishapata nguvu utaongeza ifike mbili? Jibu hilo unalo wewe tu. Fundi hawezi kukujibia.

Sasa hili la injini kuwa ndogo. Umesema zamani ilipanda bila kelele. Mlima wa kwenda Kalinzi haujaongezeka urefu tangu hapo. Injini ni ile ile ya cc 2446. Kilichobadilika ni nini? Inawezekana mzigo umekua kidogo kidogo bila wewe kuona, biashara ikikua huwa ni hivyo. Lakini barua yako mwenyewe imetaja dalili ambazo mtu wa gereji angezisoma kabla ya kuzungumzia injini nyingine. Moshi mweusi maana yake dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma, na sababu inaweza kuwa chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli za kunyunyizia dizeli zinazotiririsha badala ya kunyunyiza, au pampu iliyokorogwa ili "iongezewe nguvu". Oili kupungua kila wiki kunaelekeza kwenye ringi na silinda zilizolika, au oili silu za valvu, isipokuwa kama inavuja tu chini na hakuna aliyeinama kutazama. Kuchemsha kunaweza kuwa rejeta iliyoziba, au feni, au thamostati, ile valvu ya kuongoza maji ya kupoza, ambayo fundi fulani aliitoa akaitupa akidhani anasaidia (mafundi wetu wana ugomvi wa kudumu na thamostati, sijui iliwakosea nini). Hata klachi inayoteleza inaweza kukudanganya, injini inanguruma na gari haliendi, wenye gari wanalaumu injini.

Mengi ya haya yanapimika mchana mmoja bila kuagiza kitu Dar. Mwambie kijana aiwashe mpaka ipate moto, aiache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, kisha afungue kifuniko cha kujazia oili, akigeuze na kukilaza tu juu ya tundu bila kukifunga. Kikitulia pale au kikitikisika kidogo, ni dalili njema. Kikirukaruka na moshi ukawa unasukuma kutoka ndani, moto wa silinda unavuja kupita ringi na kuingia chini kwenye oili. Halafu apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne kwa geji, aandike namba kwenye karatasi, akuletee. Tatu zikikaribiana na moja ikiwa chini sana, hilo ni gonjwa la aina moja. Zote nne zikiwa chini, injini imezeeka kweli, na hapo mazungumzo ya kuifungua na kuifanyia ovahoo, au kuitoa kabisa, yana msingi. Zote nne zikiwa nzima, basi milioni saba zingekwenda kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Nimtendee haki kijana wako sasa, maana hajasema upuuzi. 2L isiyo na turbo, hata ilipokuwa mpya, nguvu zake za farasi hazikufika 90. 1KZ ya turbo inapita 120. Tena milimani turbo ina faida ambayo watu wengi hawaijui. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini ya kuvuta hewa yenyewe hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ziwa letu la Tanganyika lenyewe tu liko juu ya mita 750 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo gari lako limeshapungukiwa kabla halijatoka Mwandiga, na huko Manyovu ni juu zaidi. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Na Toyota wenyewe walitoa Hilux zenye 1KZ kutoka kiwandani, kwa hiyo si kitu cha kubuni. Kijana amesoma na anajua anachokisema.

Wasiwasi wangu uko kwenye yale ambayo bajeti haikuyataja. Umeniorodheshea injini, gia boksi, usafiri na ufundi. Sikuona rejeta. 1KZ inajulikana kwa kupasuka silinda hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, ikichemshwa, na wewe gari lako tayari linachemsha. Rejeta ya 2L ikiachwa mle ndani kupoza injini ya turbo, unaweza kununua hedi nyingine kabla binti hajamaliza mwaka wa kwanza chuoni. Sikuona pia nyaya na kompyuta. Ikiwa ni ile 1KZ-TE, pampu yake ya dizeli inaongozwa kwa umeme, inahitaji kompyuta yake, sensa zake na nyaya zake zote zije nayo bila kukatwa. Waya mmoja ukizingua uko Kalinzi saa kumi na mbili jioni, nani atakuja kuusoma? Propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, itatosha urefu au itakatwa na kuchomelewa? Bomba la moshi? Klachi mpya? Mikono ya kushikia injini? Waulize moja moja, kwa upole, na bei pembeni. Huenda wana majibu yote, ila hawakuona sababu ya kumsumbua mama nayo.

Waulize pia kuhusu 5L. Ina cc 2986, haina turbo, na pampu yake haitegemei kompyuta. Ni ukoo mmoja na 2L yako, kwa hiyo inakalia karibu mahali pale pale na inakubaliana na gia boksi bila ugomvi mkubwa. Nguvu zake haziifikii 1KZ, lakini vitu vya kubadilisha ni vichache na mafundi wa kuijua wako kila kona ya nchi hii. Inawezekana fundi ana sababu nzuri ya kutoitaja. Ningependa uisikie.

Na hilo la "haijawahi kufunguliwa", nani alikuwepo? Injini ya mtumba imetolewa kwenye gari lililokatwa nchi nyingine, kilomita zake hazijulikani. Kitu cha kuaminika ni kuisikia ikiwaka na kuipima kompresheni kabla ya kulipa, na risiti yenye namba ya injini. Picha ya WhatsApp haitoshi kwa milioni tatu. Hiyo namba ya injini na ujazo wake vimeandikwa pia kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yatahitaji kupelekwa TRA na kampuni yako ya bima iambiwe. Usiliache hilo hadi siku unayotaka kuuza, au siku ambayo, Mungu apishe mbali, kuna ajali na watu wanaanza kusoma karatasi.

Ajali. Mama, barua yako yote ni ya kupanda. Sikuona mahali hata pamoja umetaja kushuka. Lakini mzigo wako mzito wa mazao unakwenda upande upi? Maharage na ndizi zinashuka. Yaani gari likiwa limejaa kuliko uwezo wake ndipo lina mteremko mbele, lami nzuri, na dereva anayewahi soko. Injini kubwa haiji na breki kubwa.

Kuna vitu viwili hapa ningemtaka kijana akuoneshe kwa kidole. Dizeli za aina hii zinapata ombwe, yaani mvuto wa hewa, la kupunguza uzito wa breki kutoka pampu ndogo iliyopachikwa nyuma ya altaneta. Ukibadili injini na bomba lake likaunganishwa vibaya au likasahaulika, pedali inakuwa ngumu kama jiwe siku ya kwanza ya mteremko. Cha pili, Hilux nyingi zina valvu ya breki karibu na difu, ina mkono unaosoma gari limelala kiasi gani kwa mzigo, halafu inagawa nguvu ya breki za nyuma. Magari mengi ya umri wa lako yamekatwa valvu hiyo, bomba limeunganishwa moja kwa moja. La kwako likoje? Na breki za nyuma zilifunguliwa lini mara ya mwisho? Madereva wa zamani walikuwa na sheria yao, shuka kwa gia uliyopandia. Sasa fikiria shemeji, 1KZ imempandisha kwa gia ya nne akiimba, safari ya pili ya siku, jioni, breki zimeshapata joto la safari ya kwanza. Hapo atashuka kwa gia gani? Simsemi vibaya shemeji. Lakini anaposema safari mbili kwa siku anahesabu kupanda kama wewe.

Baba yao naye usimpuuze kwa sababu amezungumza kifupi na kwa simu. Ukiondoa ukali, anachosema ni kwamba mzigo wa tani moja na nusu unataka gari la mzigo huo, na Canter imejengwa kwa ajili yake, breki zake na springi zake zikiwemo. Tatizo lake ni kwamba anahesabu kana kwamba ya mtumba haina ugonjwa wake wa siri. Utanunua gari usilolijua kwa pesa utakayoongezea kutoka mahali ambapo wewe na mimi hatujapaona, leseni ya shemeji itabidi iangaliwe daraja lake, na je, una mzigo wa kuijaza kila safari au utapandisha lori nusu tupu nje ya msimu? Angekuja, mkakaa mezani na daftari la mauzo, labda mngekuta ana haki, labda mngekuta hana. Kwenye simu hamtafika.

Ipo pia njia ambayo hakuna aliyeitaja kwa kuwa haina raha. Mifuko ishirini badala ya thelathini, nozeli zisafishwe, rejeta itolewe ikasafishwe ndani, breki za nyuma zifunguliwe. Faida ya safari itapungua, hilo siwezi kukuficha, na mwenye duka Manyovu anaweza kumhamia mwingine. Lakini ukiijaribu kwa wiki chache utajua kwa mapato yako mwenyewe kama tatizo lilikuwa injini au mzigo, na pesa ya kikoba bado iko kwenye akaunti.

Nije kwa mtoto.

Alikuambia angekuwa fundi wa Dar ungeshamlipa. Je, ni kweli? Mtu aliyejenga nyumba kwa maharage na ndizi simwoni akimpa mgeni milioni saba bila kuuliza. Nadhani fundi wa Dar ungemsumbua zaidi. Kama ni hivyo, mwambie hivyo hivyo, kwamba maswali unayouliza ni yale ambayo ungemuuliza fundi yeyote, na kwamba kumhoji ni kumchukulia kama fundi. Kumkubalia bila maswali kungekuwa kumchukulia kama mtoto.

Lakini nyuma ya neno lake nasikia kingine, unisamehe kama nakosea. Umesema Jumapili ni yeye anayelala chini ya gari mpaka lipone. Hukusema kama unamlipa. Sisi mama tuna tabia hiyo, ujuzi wa mtoto tunaula kama mboga ya bustanini, na yeye anaona fundi wa gereji akilipwa kwa kazi hiyo hiyo. Kijana wa miaka 23 mwenye cheti anaweza kuitaka injini kubwa kwa sababu ni nzuri, na anaweza pia kuitaka kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza ambayo kila mtu Mwandiga ataona kwamba aliifanya yeye. Vyote viwili ni halali. Ila hicho cha pili kinaweza kupatikana kwa njia nyingi. Ovahoo ya 2L, ikionekana inahitajika, ni kazi ya fundi kamili, na bwana wake atakuwa pembeni akimwangalia. Hata huo upimaji niliousema ni kazi. Mpe kama kazi: bei mkubaliane, akuletee ripoti kwenye karatasi, umlipe mkononi kama unavyomlipa mtu wa nje. Uone atakavyoishika hiyo karatasi.

Fikiria pia upande wake mambo yakienda mrama. Fundi mkuu atafunga gereji saa kumi na moja aende kwake. Mwanao atarudi nyumbani kula na wewe, kila siku, gari likiwa juu ya mawe. Sijui kama amelifikiria hilo, na si lazima umwambie kwa kumtisha. Lakini unaweza kumuuliza injini ikigoma baada ya mwezi, nani anawajibika, yeye, fundi wake, au muuzaji wa Gerezani? Liandikwe kabla pesa haijatoka. Na ukiuliza hivyo utajua pia wazo hili ni la nani hasa, la mwanao au la mkubwa wake. Sina la kumtuhumu fundi, simjui. Kuuliza ni haki ya mwenye pesa.

Hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya muuzaji, mama, si ya kwako. 1KZ hazijaisha nchini. Ikichukuliwa hiyo itakuja nyingine, na kama baada ya vipimo, hesabu za mzigo na breki bado mtaona ndiyo njia, utaingia ukiwa na bajeti kamili, rejeta ikiwemo. Na kama vipimo vitaelekeza kwingine, utakuwa umefika huko pamoja na mwanao, karatasi yake ikiwa mezani.

Akishakuletea namba za silinda nne, niandikie tena. Na yeye kama ana hasira na mimi kwa kumcheleweshea injini yake, mwambie aniandikie mwenyewe, ninasoma barua za vijana pia.

Shangazi